Uso Uliofutwa kwa Penseli

Mpiga picha wa mtaa wetu wa Manika alipenda kuitwa msanii, na sisi kwa ujinga wetu tulimwita hivyo. Chumba chake kilikuwa na pazia lililochorwa ziwa, ngazi za jumba la kitajiri, na ndege iliyoruka chini mno kiasi kwamba ilikuwa lazima iligonge jumba hilo. Juu ya meza ndogo palikuwa na simu isiyo na waya. Alikuwa pia na saa ya mkono iliyoharibika, ikisema saa nne kasoro robo, na kila aliyeingia alivalishwa saa hiyo kabla ya kupigwa picha. Ukizunguka nyumba za Kolwezi miaka ile ya Zaïre ungedhani mji mzima unasubiri simu moja, saa nne kasoro robo. Mimi mwenyewe ninayo picha ya namna hiyo, na nimeshika mkono wa simu sikioni kama waziri.

Lakini sifa yake haikuwa kamera. Ilikuwa penseli. Aliichonga kwa wembe mpaka ncha ikawa kama sindano, akaibandika ile negativu kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite, kisha akaanza kujaza. Alijaza kila mkunjo wa uzee, kila kovu la ndui, kila shimo la chunusi. Mtu wa miaka sitini alitoka pale na uso wa yai. Watu walimsifu sana kwa kazi hiyo, wakasema mikono yake ina baraka, na hakuna aliyeuliza lile yai ni la nani.

Mama yangu alikuwa na uso ambao penseli ile ingekula ikashiba. Alizaliwa Kasai, na alipokuwa msichana walimchanja chale: mistari mitatu kwenye kila panja, na safu mbili za vidoti kwenye kila shavu, vidogo kama punje za ulezi. Siku hiyo hiyo, mikono hiyo hiyo ilimchanja mdogo wake. Walilala mkeka mmoja wakiwa na nyuso zilizovimba, wakikatazana kucheka kwa sababu kucheka kuliuma. Kisha mama akaolewa na baba, baba akaandikishwa kazi ya mgodi, na treni ikawaleta huku kwenye shaba. Hakurudi tena. Baba alipofariki, mama alihamia kwa kaka yangu mkubwa katika kambi ya wafanyakazi, na mimi, mwalimu wa darasa la pili ambaye wakati huo nilikuwa sijaolewa, nikakaa naye chumba kimoja.

Kaka alikuwa karani. Nasema karani kwa upole. Ukimsikiliza yeye, mgodi wote ungefungwa asubuhi ambayo angeumwa kichwa. Alishona abakosti tatu, zile suti za serikali zisizo na tai, mara tu tai zilipopigwa marufuku, akazivaa hata Jumapili akila makayabu, samaki wa chumvi. Akiwa nyumbani alitaka mkewe amwite sitwayeni, yaani raia, kama serikali ilivyoagiza. Mkewe alimwita hivyo, na akikasirika alimwita hivyo mara mbili.

Basi siku moja ilikuja barua kutoka kwa mdogo wake mama. Katekista wa kijiji ndiye aliyemwandikia, kwa Kiluba cha Kasai, na mimi niliisoma kwa sauti. Mama mdogo alisema anazeeka peke yake, watoto wake wameenda na maisha yao isipokuwa mmoja. Kando ya nyumba yake ipo nyumba nyingine ndogo, imeezekwa upya, na angependa dada yake aje wamalizie siku zao pamoja. Lakini kulikuwa na neno. Zamani, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, treni zilimwaga huko watu wengi waliopotezana na jamaa zao, na wengine walijitafutia jamaa wapya. Mwanamke mmoja alikuja kwa mama mdogo akidai kuwa binti wa shangazi, akala na kulala pale kwa misimu miwili, kisha akaondoka alfajiri na mbuzi. Kwa hiyo mama mdogo alisema: barua mtu yeyote anaweza kuandika. Nitumieni uso wa dada yangu. Nikiuona, mwanangu atakuja kumngoja kwenye kituo cha treni cha Mwene-Ditu.

Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu matanga ya baba.

"Ni paka sura njo analomba?" akasema, kwamba ni sura tu ndiyo anayoomba. "Mi nilifikiri atalomba bitu. Tumupatie sura, basi."

Tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Alianza kugawa sufuria zake. Shamba lake la mihogo la upande wa Mutoshi alimwachia jirani. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kukaa na mtu anayemkumbuka akiwa msichana, mtu ambaye angemwambia "unakumbuka?" naye akumbuke kweli. Sisi watoto wake tulikuwa tunamkumbuka akiwa mama tu. Kwetu alianza kuishi siku tuliyozaliwa.

Kazi ilikuwa rahisi. Sokoni kulikuwa na mzee mwenye kamera ya sanduku la mbao, aliyepiga picha za vitambulisho na kuziosha ndani ya ndoo. Ungekaa kwenye kibao, ungehesabiwa moja, mbili, tatu, na baada ya muda ungepewa uso wako kama ulivyo, ukiwa bado umelowa. Mama alitaka kwenda kwa huyo. Kaka alikasirika kama aliyetukanwa.

"Mama, haiko kitambulisho hii!" akasema, akiutazama ukuta wa sebule yake. "Ni picha ya kuweka mu salon. Batu ba Kasai baone kama tuko na heshima huku. Nitalipa miye."

Akalipa yeye, na ndivyo tulivyoingia kwa msanii, Jumamosi mchana, sisi watatu. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa shuleni nikiwaongoza watoto katika nyimbo za chama. Mwaka ule tulihubiri mambo ya mababu kila wiki. Tulitupa majina ya ubatizo, tukavua mawigi, tukafunga vitenge, na ukutani mwa darasa langu niliandika kwa mkono wangu mzuri: Mwacha mila ni mtumwa. Watoto walilisoma neno hilo kwa pamoja mpaka mabati yakatetemeka. Nilikuwa najisikia mwanamke wa maana sana.

Msanii alimkalisha mama mbele ya pazia, kisha kaka akamwambia hapana, hataki ziwa wala ndege. Anataka ile ya mawingu. Kila mtu Kolwezi aliijua ile ya mawingu: kichwa na mabega tu, pembeni kote kumefifia mpaka kuwa meupe, na mtu anatokea humo kama ameninginizwa mbinguni. Kisha msanii aliitia rangi kidogo mashavuni na midomoni. Picha ya namna hiyo ndiyo ambayo familia iliagiza mtu akifa, ikawekwa juu ya sanduku lake. Kaka alijua hilo kama mimi nilivyojua. Lakini mkubwa wake wa ofisini alikuwa ametundika ya kwake ya mawingu akiwa hai na mnene, na kwa hiyo mawingu yalikuwa yamepanda cheo.

"Na miguu yangu?" mama akauliza.

"Mama, mu ile hakuna miguu," akajibu msanii. "Ni kichwa na mabega."

"Mutu bila miguu atafika Kasai namna gani?"

Tulicheka wote. Msanii alicheka zaidi, kwa sababu alikuwa anacheka kila mteja anapolipa kabla. Akaingia chini ya kitambaa chake cheusi, akatoka, akamgeuza mama shingo, akaingia tena. Mama alikaa wima, mikono juu ya magoti ambayo hayangeonekana, akiitazama kamera sawasawa, kama mtu anayemtazama ndugu yake aliyesimama upande wa pili wa reli.

Nami nikasogea karibu na msanii. Nilikuwa na mchumba wakati ule, karani wa posta, mtu wa Katanga ya kaskazini, na jamaa zake walikuwa wakitarajiwa kuja kukaa katika ile salon ya kaka. Nilikwisha kumsikia dada yake akiwacheka wamama wa Kasai "bale ba kuchanjwachanjwa." Nikasema kwa sauti ya chini:

"Na ile michoro ya ku mashavu, unaweza kuitosha?"

"Mwalimu," akasema, "usiogope. Penseli yangu inajua kazi yake."

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Asubuhi niliwafundisha watoto arobaini wasiwe watumwa, na kabla ya jua kushuka nikawa nimeagiza uso wa mama yangu ufutwe. Hakuna aliyenilazimisha. Sikuwa na njaa, sikuwa na bunduki kisogoni. Nilikuwa tu mjinga mwenye cheti.

Picha ilipokuwa tayari, kaka aliitoa kwenye karatasi akaishika mbali na yeye, akatikisa kichwa kwa furaha. Zilikuwa mbili, moja ya ukuta wake, moja ya Kasai. Mwanamke aliyekuwa humo alikuwa na midomo ya waridi. Mashavu yalikuwa yameng'aa kama sahani iliyooshwa. Hakuwa mzee, hakuwa kijana, hakuwa ametoka popote. Mama aliitazama kwa muda.

"Huyu ni muzuri," akasema. Akairudisha mezani taratibu. "Lakini dada atanijua ku macho. Macho ni yangu."

Kaka hakuweka barua. Alisema picha inajisema yenyewe, na kwamba kuandika Kiluba ni kazi ya makatekista. Nilijitolea kuandika mimi, akanijibu kwamba fremu ya kioo haina nafasi ya makaratasi. Akampa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa anasafiri kwa treni kwenda likizo, na huyo, akiwa na haraka ya kuunganisha safari yake, akaiacha mikononi mwa katekista bila hata kukaa anywe maji. Kwa hiyo uso wa mama ulifika kijijini bila mdomo wa kuusemea.

Mama alifunga mizigo. Masanduku mawili ya bati na kifurushi cha vitenge vilikaa mlangoni kwetu, na kila jioni aliyapangusa vumbi.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Niliifungua barua nikiwa nimesimama, kwa sababu mama alikuwa ameshanishika mkono akinihimiza. Nilisoma mistari ya kwanza kwa sauti kubwa ya mwalimu, kisha nikaendelea kwa sauti ya chini.

Mama mdogo alishukuru. Alisema wameelewa. Alisema sura isiyo na miguu, ndani ya mawingu, uso umesafishwa hata chale zimetoka, imeletwa na mgeni ambaye hakuthubutu kukaa wala kumtazama mtu usoni: hayo yote waliyaelewa, tulikosa tu moyo wa kuandika neno lenyewe. Akasema alimtambua dada yake kwa macho. Waliweka kilio siku tisa. Wanawake wote wa ukoo walinyoa. Mbuzi wawili walichinjwa, watu walitoka vijiji vya mbali, na mama mdogo mwenyewe alilala chini juu ya majivu kwa siku hizo zote. Ile nyumba ndogo sasa wamempa mjukuu anayeoa. Aliomba kitu kimoja, kitenge ambacho dada yake alikivaa, wakizike kando ya mama yao.

Mama alikaa juu ya sanduku la bati. Hakulia. Aliuliza, "Siku tisa?"

"Ndiyo, mama."

"Kwetu siku tisa ni za mutu mukubwa," akasema.

Kaka alirudi kutoka kazini jioni, akasikia, na jambo la kwanza alilofanya ni kutafuta wa kumlaumu. Alilaumu kijiji, kwamba ni washenzi wasiojua picha za kisasa. Alimlaumu katekista. Akaishia kwa msanii, na kesho yake tukaenda kwake watatu, kaka mbele akiwa amevaa abakosti ya kijivu, ile ya magomvi. Mama alisimama mlangoni. Kaka alipiga meza mpaka ile simu isiyo na waya ikaanguka.

"Nani alikutuma kutosha alama ya mama?"

Msanii alinyoosha kidole. "Ni mwalimu njo alilomba. Muulize."

"Ni bongo!" nikasema, yaani ni uongo. Nilisema hivyo haraka, na kwa sauti ya juu, na kwa ile hasira ya mtu anayesingiziwa. Kaka alinitazama, akamtazama msanii, akaamini. Nani angeamini penseli dhidi ya mwalimu? Akamtukana msanii kwa Kifaransa chote alichokuwa nacho, na hakikuwa kingi. Mama alikuwa anaitazama ile ndege kwenye pazia.

Ndipo tukafanya tulichopaswa kufanya mwanzo. Mimi mwenyewe nilimpeleka sokoni kwa mzee wa sanduku la mbao. Mama alisimama mbele ya ukuta wa matofali, miguu yote miwili ndani ya picha, kandambili na vumbi na vyote. Mzee aliitoa kwenye ndoo, akaikung'uta. Huyo alikuwa mama yangu. Ile mistari mitatu ilikuwepo kila upande, na zile punje za ulezi ungeweza kuzihesabu moja moja. Sijaona picha nzuri kuliko ile, na ilipigwa na mtu ambaye hajawahi kujiita msanii hata siku moja. Niliandika barua ndefu, karatasi tatu, nikaeleza penseli, mawingu, mkubwa wa ofisini, yote isipokuwa kidogo. Nikaituma kwa posta ya kuandikishwa.

Mama alirudia kupangusa masanduku. Sasa alikuwa anayapangusa mara mbili kwa siku.

Barua ya pili ilikuja upesi kuliko ya kwanza, na ilikuwa fupi. Mwandiko ulikuwa wa katekista yule yule, lakini maneno yalikuwa ya mtu aliyekasirika akiwa amesimama. Mama mdogo alisema: Dada yangu nimekwisha kumlilia. Nywele zangu bado hazijaota. Sasa mnaniletea mwanamke mwingine mliyemchora chale za dada yangu. Hata yule mwizi wa mbuzi hakuwa na ujanja wa namna hii, yeye hakuchezea wafu. Huyo mwanamke wenu akishuka Mwene-Ditu, mwanangu atamrudisha kwenye treni. Msiandike tena.

Ile picha ya kweli ilikuwa ndani ya bahasha. Walikuwa wameirudisha.

Nilifikiria kumsomea mambo mengine. Ningeweza. Katika nyumba ile ni mimi tu niliyesoma Kiluba vizuri, na mtu aliyekwisha kusema uongo mmoja hapungukiwi na kitu akisema wa pili. Lakini mama alikuwa ameshaiona picha yake imerudi. Nikamsomea kama ilivyoandikwa, mpaka mwisho.

Kisha nikapiga magoti nikamwambia. Nilimwambia kwamba msanii hakusema uongo, kwamba ni mimi niliyemwomba, kwamba niliona haya mbele ya watu wa mchumba wangu. Nililia sana nikisema hayo, nikitumaini machozi yatafanya sehemu ya kazi.

"Najua," akasema mama. "Nilikusikia ile siku. Sikuwa kiziwi."

Nikamuuliza kwa nini hakutukataza.

"Nilisema, acha, huyu mutoto iko na haya ya ujana, itapita. Nilijua tu dada atanijua." Akaitazama ile picha ya sokoni, akaigeuza kifudifudi juu ya paja lake. "Na alinijua. Ile ya uongo njo alinijua."

Nilidhani amemaliza, nikaanza kuinuka.

"Ngoja," akasema. "Siku nikikufa, weye na kaka yako musinililie. Batu bale banajua sura yangu balishanililia, siku tisa, mu majivu. Kilio changu kilikwisha. Ile yenu sitaki."

Nilidhani ni hasira, na kwamba hasira hupoa. Mama aliishi miaka mingine sita nyumbani mule, akipika, akilima tena kipande cha shamba alichorudishiwa na jirani, akiwabeba watoto wa kaka na baadaye wa kwangu. Hakunigombeza kamwe. Kila Pasaka nilimuuliza kama amelegeza neno lake, na kila Pasaka alinijibu kwa upole kwamba neno lake halikuwa limekazwa, lilikuwa tu ni kweli.

Alipokufa, kaka alilia. Alilia kwa mbwembwe, akaangushwa na kuinuliwa mbele ya wafanyakazi wenzake, kwa sababu kaka hajawahi kutii neno ambalo halikupigwa mhuri. Mimi nilikaa mkekani kati ya wanawake, nikanyamaza. Niliuma ncha ya kitenge changu mpaka meno yakauma. Nilisikia jirani mmoja akimwambia mwenzake kwamba walimu wana roho ngumu, tazama huyu, mama yake amelala pale na jicho ni kavu. Nilikuwa nahesabu siku, na zilipofika tisa niliinuka nikaenda kufundisha.